MP3 mpya imezingua? Soma hapa kabla hujaenda dukani

Wadau, ka-MP3 kangu nilikanunua Kariakoo, wiki ya tatu tu kakaanza kupiga sikio moja, nikaenda dukani naambiwa leta risiti, natoa risiti kwenye waleti imefutika yote nyeupeee. Kwahiyo risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ipige picha siku ileile, yale makaratasi yakikaa kwenye joto maandishi yanapotea.

Alafu hakikisha tatizo sio lako. Jaribu earphone nyingine, badilisha na waya wa chaji. Kama inagoma kusoma memori kadi cheki ukubwa wake, kadi za GB 64 kwenda juu zinatoka kiwandani na mfumo wa mafaili unaoitwa exFAT na hivi vimashine vingi vinaelewa ule wa FAT32 tu, hapo huna kesi, kaformati kadi yako. Mimi nilichomeka earphone tatu tofauti, nikikandamiza pini kwa pembeni sauti inarudi, nikiachia inakata. Nikarekodi video sekunde 20 na siriali namba ya nyuma inaonekana. Hiyo video ndo iliniokoa, maana mafundi wao wakishakishika tu utasikia "mbona kinapiga vizuri bosi".

Skrubu usiguse hata moja, na usimpe fundi wa mtaani "acheki tu", stika ikichanika waranti ndo imeenda hivyo.

Simu wanapokea kila siku mtu mwingine unaanza kuelezea upya, bora uandike WhatsApp: umenunua lini, inafanya nini, umeshajaribu nini, unataka wakubadilishie au warudishe hela. Ukiandika "ni mbovu" tu watakujibu zima uwashe wiki nzima.

Wakisema uiache, chomoa memori kadi yako kwanza (mimi yangu ilikuwa na taarab za mama zote, ningemwambia nini), na udai karatasi yenye siriali namba, tarehe na jina la aliyepokea. Mimi walinizungusha, mara fundi kasafiri mara vifaa havijafika, mpaka nikawaonyesha hiyo karatasi.

Na kile kibao cha "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" kisikutishe, Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji na malalamiko yanapelekwa FCC (Tume ya Ushindani). Nilivyoitaja tu hiyo FCC kwa upole, kesho yake nikaitwa. Wakanipa kingine kipya, rangi ya pinki, eti nyeusi zimeisha. Nimekachukua hivyohivyo.