Jinsi ya Kuchagua Kinga ya Baridi kwa Kitanda cha Bembea

Wakaazi wengi wa Mombasa wanaojiandaa kwenda kulala kwenye kitanda cha bembea katika milima ya Taita hufungasha blanketi zito la kujifunika, kisha usiku wa manane hushangaa kwamba kifua kina joto ilhali mgongo unatetemeka. Blanketi halina kosa lolote. Kinachomkinga mtu na baridi si kitambaa chenyewe bali ni hewa iliyotulia ndani ya nyuzi zake, na mtu anapolilalia blanketi, uzito wake huikamua hewa hiyo hadi kati ya mgongo na upepo kukabaki kitambaa kilichobanwa tu. Anayelala chini hupoteza joto kwa kuigusa ardhi, lakini angalau upepo haupiti chini yake; kwenye bembea hupita usiku kucha, ukiliondoa joto la mwili kila linapojikusanya. Kwa hivyo namshauri kila anayeanza kwamba fedha zake za kwanza azitumie kwa kinga ya chini, na ya juu ifuate.

Kabla ya kununua chochote, amua utalala wapi na msimu gani. Hapa Mombasa usiku wa Machi huwa na nyuzijoto 24 hivi, na Julai, upepo wa kusi unapovuma, hushuka hadi 20 au 21. Ukipanda kwenda bara, hewa hupoa kwa takriban nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hivyo hesabu si ngumu: kilele cha Vuria huko Taita, chenye mita 2,208, huenda kikawa na nyuzijoto 7 usiku uleule ambao Mombasa ina 21, na hapo bado hujauhesabu upepo. Shimba Hills haijainuka sana juu ya bahari, na anayelala huko hahitaji mzigo wa yule anayekwenda Taita. Hesabu hii ni makadirio, kwa kuwa mabonde hukusanya hewa baridi na mawingu huhifadhi joto, lakini inatosha kukuzuia kubeba zana za mlimani kwenda ufukweni, au za ufukweni kwenda mlimani.

Kwa ufukweni, maneno ni machache. Shuka jepesi au leso mbili zilizotandikwa ndani ya bembea humtosha mtu wa kawaida, na upepo unaopita chini ni neema katika miezi ya joto. Jambo moja tu lisisahaulike: mbu huuma kupitia kitambaa chembamba cha bembea kilichoubana mgongo, hata kama umetundika chandarua juu. Chandarua kiizunguke bembea yote mpaka chini bila kukugusa, au uweke kitu chenye unene kati ya ngozi yako na kitambaa.

Nyuzijoto zikishuka chini ya 20, una njia tatu za kuikinga sehemu ya chini. Ya kwanza na ya bei nafuu ni sponji nyembamba iliyo ngumu kidogo, ya aina ya mikeka ya mazoezi, ambayo vitundu vyake vimezibwa na kwa hivyo haibanwi sana na uzito wala hainyonyi maji. Udhaifu wake ni kwamba huteleza unapogeuka, na kwa kuwa bembea huyakumbatia mabega, mkeka mwembamba huyaacha nje, na hapo ndipo baridi huingilia. Kata vipande viwili vidogo uviweke kwa upana penye mabega, au tafuta bembea yenye tabaka mbili ili mkeka uingie katikati na usihame. Njia ya pili ni godoro la kujazwa hewa, ambalo hukinga vizuri zaidi likiwa na nyuzi au tabaka maalumu ndani yake, lakini likijazwa sana huwa gumu na kuzunguka chini ya mwili, kwa hivyo lijaze nusu tu. Magodoro na mikeka ya kambi huandikwa thamani ya R, ambayo kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo joto linavyopotea polepole. Thamani hizo hujumlishika, kwa hivyo mkeka wa R 2 juu ya mwingine wa R 2 hukupa R 4.

Njia ya tatu, ambayo mimi naiona bora kwa yeyote atakayelala milimani mara kwa mara, ni mfarishi wa chini, yaani blanketi lililoshonwa na kujazwa nyuzi au manyoya, linalotundikwa nje ya bembea, chini yake, kwa kamba za mpira. Kwa kuwa haulaliwi, hewa iliyomo haikamuliwi. Mafanikio yake yanategemea namna ulivyofungwa kuliko bei yake. Ukilegea, upepo hupita kati yake na bembea na ni kama hukuutundika; ukikazwa mno, huubana mgongo na hewa hutoka. Lala ndani, kisha mwenzako apitishe mkono kati ya vitambaa viwili: ausikie mfarishi ukiigusa bembea kila mahali bila kusukumwa. Ncha zote mbili zikazwe kwa kamba ili upepo usiingilie upande wa miguu wala wa kichwa. Jaribu haya nyumbani, kwenye miti miwili ya uani, mchana, ukiwa umelala mshazari kama utakavyolala usiku, kwa sababu mshazari ndio unaoinyoosha bembea na kubadilisha mahali mabega yanapokaa.

Kuhusu kilichomo ndani ya mfarishi, manyoya laini ya bata ndiyo mepesi zaidi kwa joto yanalotoa, lakini yakilowa hujikunja na kupoteza kazi yake, na katika unyevu wa pwani yetu hukauka polepole. Nyuzi za poliesta ni nzito kidogo na huchukua nafasi, ila huendelea kukinga hata zikiwa na unyevu, na kwa anayeishi Mombasa mimi huzipendekeza kwanza. Wapo watakaouliza kuhusu sufi, nami nalipenda swali hilo, kwa kuwa msufi ni mti wetu na godoro la sufi halihitaji kuelezwa kwa mtu wa pwani. Nyuzi za sufi zina uwazi ndani na hukataa maji, ndiyo maana zilijazwa katika jaketi za kuokolea baharini. Fundi cherehani anaweza kukushonea mfarishi wa sufi kwa gharama ndogo, mradi agawe mifuko midogo midogo, kwani sufi hujikusanya mabonge. Uweke mbali na moto, maana sufi hushika moto upesi, na usiufue. Uanike juani tu.

Kinga ya juu sasa ni rahisi. Mfuko wa kulalia uliofunguliwa zipu na kutumiwa kama blanketi hutosha, na hata wa mtumba kutoka soko la Kongowea unafaa ikiwa nyuzi zake bado zimevimba unapoukunjua. Angalia tu kwamba nyuzijoto zilizoandikwa juu yake kwa kiwango cha ISO 23537, ambacho ni kiwango cha kimataifa cha mifuko ya kulalia, hupimwa kwa sanamu iliyolazwa juu ya mkeka, kwa hivyo hazikuahidi lolote ikiwa chini yako ni upepo mtupu. Katika nyuzijoto hizo, fuata zile ziitwazo za starehe, si za mwisho kabisa, na vaa soksi na kofia kavu.

Turubai linalotandwa juu ya bembea nalo ni sehemu ya kinga. Lishushe upande unaotoka upepo hadi karibu na ardhi, na pepo za kilimani zitapungua nguvu kabla ya kuufikia mfarishi.

Ukirudi nyumbani, anika kila kitu mpaka kikauke kabisa, kwa maana kabati la Mombasa huleta ukungu haraka, kisha ning'iniza mfarishi au uuweke kwenye mfuko mpana wa kitambaa badala ya ule mdogo wa safari, ili nyuzi zisikae zimebanwa kwa miezi.