Kutangaza Tom na Jerry kibandani bila kuwaudhi watoto

Muvi ya Kikorea ukiitafsiri vibaya kwa maiki kwenye kibanda cha video, watu watakuvumilia, maana wao wenyewe hawajui kilichosemwa. Tom na Jerry haikupi pa kujificha. Huyu paka na panya wake karibu hawasemi kitu, kila kilichotokea mtoto kakiona kwa macho yake, na ukithubutu kusema "sasa Tom anakimbia," benchi la mbele litakujibu: "Si tunaona, Anti!" Nina kibanda Majengo, hapa Moshi. Jumamosi asubuhi, kabla ya mpira, ni zamu ya watoto, na maiki nashika mwenyewe.

Kwanza chagua. Katuni zenye jina hilo ni nyingi na hazilingani. Chukua zile za William Hanna na Joseph Barbera, za 1940 hadi 1958, ziko 114. Kila moja ni kama dakika saba, kwa hiyo nane zinakula karibu saa nzima, na katikati unapata nafasi ya kudai kiingilio cha waliopenyeza. Zile 13 za Gene Deitch zilizotengenezwa Prague miaka ya sitini zina milio ya ajabu ajabu. Weka moja mwishoni ukitaka watu watoke.

Zitazame zote peke yako kabla ya kuzionyesha. Katika za zamani, baruti ikilipuka, mara nyingine sura inatoka nyeusi yenye midomo mikubwa, ya kuwakejeli watu weusi. Hizo naziruka bila kuaga. Yupo pia yule mama wa kazi anayeonekana miguu tu. Yeye simtoi. Nashusha sauti ya runinga, nampa sauti ya mama wa Kichaga mwenye nyumba yake na duka lake: "Tom! Maziwa ya jana yako wapi? Nataka hesabu!" Watoto wanampenda kuliko paka.

Kisha funika runinga kwa kanga na usikilize katuni nzima kwa masikio tu. Muziki wa Scott Bradley unafuata nyayo: paka akinyata, vyombo navyo vinanyata, akidondoka ngazini, unasikia kila kipandio. Baada ya mara mbili tatu utajua muziki unaacha matundu wapi. Maneno yako yaingie humo, kwingine umwachie Bradley. Ukiona kelele zimezidi, shusha maiki, usishushe muziki.

Sasa kutangaza kwenyewe. Kinachoonekana usikiseme, sema kisichoonekana: Tom anawaza nini, Jerry ana deni gani, mbio zimefika mtaa gani. Mimi sebule ile ya Marekani naihamishia mjini kwetu. "Jerry huyo katokea Mbuyuni! Kakata kwa mama ndizi, Tom nyuma yake, kapita na meza ya nyanya! Wanaingia Memorial, Jerry kazama kwenye kiatu cha mtumba, saizi arobaini na tatu, mguu wa kushoto! Nani kaona wa kulia?" Kibanda chote kitakujibu.

Spike, yule mbwa, huongea kweli, kwa hiyo yeye ndiye wa kutafsiri. Mpe sauti nzito, isiyo na haraka, ya baba anayesubiri kijana amalize kujitetea: "Tom, kijana wangu, kuhusu huyu mtoto tulikubaliana nini?" Halafu nyamaza. Kipigo kinakuja, na kipigo hakitangazwi. Ule ukelele wa Tom ni sauti ya Hanna mwenyewe. Ukiongea juu yake umewaibia watoto kitu walichokilipia.

Ile ya piano, Tom akiwa na suti anapiga muziki wa Liszt huku Jerry akimsumbua ndani ya piano, zima maiki kabisa. Ni moja ya zile saba zilizochukua Oscar. Kaa uhesabu hela.

Na usiwe shabiki wa Jerry. Angalia vizuri: mara nyingi Tom kajilalia zake, panya ndiye mchokozi. Ile ya 1944, Tom karithi dola milioni moja kwa sharti asimdhuru kiumbe chochote, hata panya, na Jerry anamtesa humo humo kwenye utajiri wake mpaka paka anaona heri azikose. Hapo mimi huwa upande wa Tom waziwazi. Siku nyingine nagawa mabenchi, kushoto paka, kulia panya, na natangaza kwa zamu. Ukipendelea upande mmoja wiki mbili mfululizo, wa upande wa pili watahamia kwa jirani.

Umeme ukikatika katikati ya mbio, usikimbilie kurudisha hela. Maiki imekufa lakini mdomo unao: endelea, mpitishe Jerry Pasua, mpandishe daladala, Tom adai nauli yake. Kama umeme haujarudi na Jerry kashafika Kiboriloni, basi, kila mtu apewe shilingi 200 yake.