Namna ya Kupima Jeni za Dawa Katika Majani ya Vinka

Vinka, ua la petali tano linalopandwa katika nyua nyingi za Mombasa, ndilo chanzo cha vinblastini na vinkristini, dawa mbili za kutibu saratani. Kila seli ya mmea huu ina jeni zinazohitajika, ila hazifanyi kazi wakati wote. Jani linapojeruhiwa, homoni ya jasmoneti huongezeka, protini za JAZ zinazozuia jeni hizo huvunjwa, na protini nyingine, ikiwemo ORCA3 iliyoelezwa na watafiti wa Uholanzi mwaka 2000, huziamsha. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuzipima ajue kwamba kuchuma jani nako ni kulijeruhi, na akizembea atapima alichokisababisha yeye mwenyewe.

Otesha mbegu za mmea mmoja, na miche yote ipate mwanga sawa, kwa kuwa hatua za mwisho za kuunda vindolini, ambayo ni sehemu ya dawa hizo, huhitaji mwanga. Yeyusha methili jasmoneti kwa ethanoli kidogo, ongeza maji hadi ifike mikromola 100, kisha nyunyizia nusu ya miche. Nusu nyingine inyunyizie maji yenye ethanoli ile ile bila homoni. Hapa ndipo penye kuhitaji uangalifu mkubwa zaidi: kemikali hii, ambayo ni miongoni mwa vijenzi vya harufu ya asumini, hupaa hewani na kuifikia miche jirani. Tenganisha makundi hayo katika vyumba viwili. Ukilazimika kuyaweka nje msimu wa kusi, miche isiyo na homoni ikae upande wa kusini, upepo unakotokea.

Chuma jozi ya pili ya majani kutoka kileleni, kabla ya kunyunyizia na baada ya saa 2, 8 na 24, makundi yote mawili kwa wakati mmoja, na uyatumbukize papo hapo katika naitrojeni ya kimiminika. Barafu ya kawaida kwenye boksi la samaki haitoshi kwa joto letu, maana vimeng'enya vya jani huendelea kuivunja RNA, yaani nakala zinazotolewa na jeni zinapofanya kazi.

Maabarani, saga majani, toa RNA yake na uigeuze kuwa DNA, kisha pima jeni ya ORCA3 pamoja na TDC na STR, jeni mbili za vimeng'enya vya hatua za mwanzo za kuunda dawa hizo, kwa PCR ya kupima kiasi, yaani njia ya kurudufu DNA ili kujua wingi wake, na ulinganishe na jeni ambayo kiwango chake cha kazi hakibadiliki. Acha miche kadhaa kwa siku chache zaidi kwa ajili ya kupima alkaloidi, kundi la kemikali ambamo dawa hizo zimo, kwani hizo huongezeka baadaye kuliko jeni. Vaa glavu unaposaga, na majani yaliyobaki yasichemshwe kunywewa, kwani yana sumu.