Kabla ya Kuleta Samaki wa Bahari Kigoma: Tafuta Maji Kwanza

Mtu akisema anataka kufuga samaki wa bahari sebuleni kwake, Mwanga au Ujiji, watu humuuliza chumvi ataitoa wapi. Chumvi hainisumbui. Inanunuliwa, inasafiri kwenye mfuko, haiozi. Kinachosumbua ni maji ya kuiyeyushia, japokuwa mji wetu umekaa kando ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470. Ndiyo maana nashauri maji yatafutwe kabla ya kioo, kabla ya pampu, na kabla hujampigia simu mtu yeyote wa Dar es Salaam kuulizia samaki.

Tuanze na ziwa lenyewe, maana kila mtu ataanzia hapo. Maji ya Tanganyika ni mazuri kwa samaki wa Tanganyika. Yana pH (kipimo cha utindikali au umagadi wa maji) inayokaribia 9, wakati bahari iko kati ya 8.1 na 8.3, na yamebeba kabonati nyingi, takriban mara mbili na nusu ya zile za bahari. Sasa, chumvi ya tangi inayotoka kiwandani imetengenezwa kwa hesabu kwamba utaiyeyusha kwenye maji yasiyo na kitu. Ndani yake tayari kuna kabonati, kalsiamu na magnesiamu kwa vipimo vyake. Ukiimwaga kwenye maji ya ziwa, kabonati zinazidi mara tatu ya zinavyotakiwa au zaidi. Kalsiamu inashikana nazo, maji yanafanya ukungu mweupe, na baada ya muda unakuta gaga la chokaa kwenye hita na ndani ya pampu. Kuyachemsha hakukupi maji ya kuaminika. Kuyaacha wazi usiku kucha kunaondoa klorini ya bombani, lakini kabonati zinabaki palepale. Na bomba la mjini, kwa sehemu kubwa, ni ziwa hilihili lililotiwa dawa.

Kwa wanaopenda historia: mwishoni mwa miaka ya 1890 alikuja huku mwanazuoni Mwingereza, J. E. S. Moore, akaona konyeza wadogo wa ziwani na konokono wanaofanana na wa baharini, akadhani ziwa hili liliwahi kuunganika na bahari. Wazo lake lilikataliwa baadaye. Hata hivyo dagaa wetu kweli ni wa ukoo mmoja na samaki wa baharini. Wao wamezoea maji haya kwa vizazi visivyohesabika. Samaki utakayemleta kwa basi hajazoea.

Basi maji yapatikane wapi? Kigoma tuna bahati ya mvua, kuanzia kama Novemba hadi Aprili, na maji ya mvua ni laini, karibu hayana madini. Shida iko kwenye paa. Bati limepakwa zinki, na zinki kidogo tu inatosha kuua kamba, konokono na wengine wasio na uti wa mgongo. Usikinge kwenye mchirizi wa bati. Tandika turubai safi la plastiki au nailoni nene uwanjani, mbali na miti, liegemee upande mmoja, chini weka ndoo. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Turubai la mita mbili kwa mbili likipata mvua ya milimita 10 linakupa lita 40, ukitoa zinazomwagika pembeni. Mvua za kwanza za msimu ziache zipite, zinaosha vumbi na moshi wa nyika zilizochomwa kiangazi. Hata mvua nzuri, usikinge dakika za mwanzo. Kisha hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko kisichopitisha mwanga, la sivyo utafuga ukungu wa kijani na viluwiluwi vya mbu.

Kiangazi kikikukuta bila akiba, ulizia wanaochuja maji ya kunywa kwa mashine ya RO, ile inayosukuma maji kupita kwenye utando unaobakiza madini. Uliza pia kama baada ya kuchuja wanarudisha madini kwa ajili ya ladha, kwa sababu wengine hufanya hivyo. Hapa ndipo kifaa kidogo cha kupimia TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, kinapojilipa. Maji ya ziwa yatasoma mia kadhaa. Unayoyataka yasome chini ya 10, na 20 bado navumilia. Maji ya chupa ya dukani yana madini, hata kama lebo inasema ni safi. Maji ya betri ya kwenye vituo vya mafuta yanafaa yakiwa yamekenekwa tu (mvuke uliopoozwa ukarudi kuwa maji), ila soma chupa mara mbili, kwani tindikali ya betri nayo huuzwa pembeni yake na wauzaji wengine huviita vyote jina moja.

Kuna watakaosema: si uagize maji ya bahari yenyewe? Lita 45 za kujaza tangi dogo zina uzito wa kilo 46, kwa reli ya zaidi ya kilomita 1,200, na viumbe wadogo waliomo watakuwa wamekufa na kuoza kabla dumu halijafika stesheni. Pengine mara moja, kwa mtu mwenye lori na moyo. Kila wiki haiwezekani.

Sasa chumvi, na hapa lazima niizungumzie Uvinza. Chumvi imekuwa ikichemshwa kwenye chemchemi zile karibu na Malagarasi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mkoa mzima unajivunia, mimi nikiwemo. Kwenye tangi haifai. Watu hudhani tatizo ni madini joto yanayotiwa kwenye chumvi ya kula. Hayo ni kidogo mno. Tatizo ni kwamba chumvi ya Uvinza ni sodiamu na kloridi karibu tupu. Kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi, na humo mna magnesiamu kama gramu 1.3, kalsiamu gramu 0.4, potasiamu kiasi hichohicho, na salfati gramu 2.7. Samaki aliyewekwa kwenye maji ya Uvinza anaweza kuogelea siku kadhaa akakudanganya. Nunua chumvi iliyoandikwa kwamba ni ya tangi la maji ya bahari, basi.

Kiasi gani? Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linaitwa la lita 54, lakini ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, maji halisi ni kama lita 45. Kwa wastani wa gramu 36 kwa lita (lebo ya mfuko wako ndiyo itakayosema hasa) kujaza mara ya kwanza kunakula kilo 1.6. Kubadilisha lita 5 kila wiki ni gramu 180, na kwa nusu mwaka ni kilo 4.7. Jumla inazidi kilo sita. Anayeagiza kilo mbili kutoka Dar ili aone kwanza, atafika wiki ya tatu chumvi imeisha na mzigo mwingine uko njiani. Agiza kilo nane au kumi kwa mpigo mmoja, na mfuko ukifunguliwa hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Unyevu wa masika huigeuza mabonge. Kabla ya kuchota, ivuruge au ibingirishe ndoo, kwa kuwa chembe nzito hushuka chini njiani na mchoto wa juu haufanani na wa chini.

Chombo cha kuchanganyia kiwe cha plastiki ya vyakula na kiwe na kazi hiyo moja. Huku kwetu dumu la bei rahisi karibu kila mara limewahi kubeba mawese, na mafuta hayo hayatoki, hata uoshe kwa maji moto na mchanga. La sabuni au mafuta ya taa usiliguse kabisa. Ndoo ya bati pia hapana.

Maji yatangulie ndani ya ndoo, halafu chumvi iingie kidogo kidogo huku pampu ndogo au kipuliza hewa kikiyazungusha. Ukianza na chumvi kisha ukamwagia maji, pale chini panakuwa pakali mno kwa muda na kalsiamu inaganda. Ikishaganda haiyeyuki tena. Joto liwe nyuzi 24 hadi 26. Acha izunguke hadi kesho yake ndipo upime. Na kamwe usichanganye ndani ya tangi lenye samaki. Siku ya kwanza kabisa, tangi likiwa tupu, ruksa.

Kupima kiasi cha chumvi kunahitaji zana. Haidromita ya mkono unaoelea ni rahisi, lakini kiputo kimoja cha hewa kikinata kwenye mkono inasoma uongo. Mimi nachagua rifraktomita, inayosoma chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda kwenye tone la maji. Unalenga 1.025 hadi 1.026 (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matupu), sawa na gramu 35 kwa kilo. Chombo hicho nacho kinahitaji kusahihishwa, na wengi hukisahihisha kwa maji matupu pekee, jambo linalohakikisha sifuri bila kuhakikisha pale unapopahitaji. Na hapa chumvi ya kawaida inapata kazi: chukua chumvi laini ya mezani iliyo kavu kabisa, gramu 36.5, iyeyushe kwenye gramu 963.5 za maji yaliyokenekwa. Mchanganyiko huo kwenye rifraktomita unatakiwa usome 35. Ukisoma 33 au 38, zungusha skrubu hadi ukae sawa. Mizani iwe ya jikoni ya kidijitali, siyo ya kubahatisha kwa kijiko.

Usisahau maji ya kuongezea, maana hayo ndiyo yanayoliwa kimyakimya. Maji yanapotoka kama mvuke, chumvi haiendi nayo. Tangi la lita 40 lenye kiwango cha 35 likipungua lita 2, kinapanda hadi karibu 37. Pepo za Julai na Agosti zikivuma dirishani, lita 2 si nyingi. Bandika kipande cha selotepu kwenye kioo usawa wa maji, na kila asubuhi rudishia hadi pale kwa maji matamu yaleyale ya mvua au RO. Kwa hiyo akiba yako ihesabu vyote viwili, ya kubadilisha na ya kuongezea. Kwa tangi dogo, lita 60 safi zikiwa stoo muda wote ndipo napata usingizi.

Umeme ukikatika usiku, kinachoua kwanza ni kukosa hewa. Kipuliza cha betri kiwepo kabla ya samaki. Nyaya zipinde chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji ya chumvi lidondokee sakafuni.

Maji yakishakaa sawa kwenye tangi lenye mawe na mchanga, bado samaki asubiri. Bakteria wanaobadilisha amonia kuwa nitriti na kisha nitrati huchukua wiki tatu hadi sita kujijenga, na vipimo vya amonia na nitriti vikisoma sifuri ndipo uagize. Maji ya zamani unayotoa kila wiki usimwagie migomba wala mchicha, chumvi itabaki kwenye udongo. Mwaga chooni. Na kiumbe chochote cha bahari, awe hai au amekufa, pamoja na mawe yake, asipelekwe ziwani.