Namna ya Kumhudumia Mgonjwa wa Kisukari Nyumbani

Muuguzi wa Marekani Virginia Henderson aliorodhesha mahitaji 14 ya msingi ya mgonjwa, yakiwamo kupumua, kula, kunywa, kujisaidia, kulala, kuwa safi na kuabudu. Kwa mwenye kisukari mahitaji hayo ni yale yale, isipokuwa karibu kila moja hugusa sukari ya damu au madhara yake, na kwa hiyo anayemuuguza mzee nyumbani asidhani kwamba akishampa dawa kazi imekwisha.

Mgonjwa hahitaji sufuria yake peke yake. Pakua nusu ya sahani mboga kama mchicha, matembele au kabichi, robo iwe ugali, wali, ndizi au muhogo, na robo iliyobaki iwe maharage, samaki au kuku. Wako wanaoamini kwamba ugali wa dona huliwa bila kipimo. Dona ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, lakini bado ni wanga, na bonge kubwa litapandisha sukari. Asali nayo ni sukari, hata ikitoka msituni moja kwa moja.

Saa ya kula ina uzito sawa na chakula chenyewe. Insulini, dawa ya sindano inayoshusha sukari, iliyo ya mchanganyiko, ile ya 70/30 (sehemu 70 ya kufanya kazi polepole na 30 ya haraka), kwa kawaida huchomwa kama nusu saa kabla ya kula. Kwa hiyo usimchome kabla chakula hakijaiva. Mkaa haujakolea, maharage bado magumu, na bibi ameshachomwa sindano: hapo ndipo sukari hushuka. Atatetemeka, atatoka jasho, atasikia njaa kali, na pengine ataongea ovyo au kukasirika bila sababu. Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 4 mmol/L (kizio cha sukari ya damu), au dalili zikionekana na kipimo hakipo, mpe vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Pima tena baada ya dakika 15, urudie ikiwa bado iko chini, kisha mpe chakula. Akiwa amepoteza fahamu usimtie chochote kinywani; mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Asinyimwe maji kwa hoja kwamba anakojoa mno, kwani sukari iliyozidi ndiyo inayomkojoza na kumkausha, na aliyewekewa kiwango na daktari kwa sababu ya moyo au figo afuate kiwango hicho. Usiku mwekee chombo cha kujisaidia karibu na kitanda pamoja na taa, maana wazee wengi huanguka wakienda msalani gizani.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na ikigandishwa itupwe. Pasipo na friji, ifunge ndani ya mfuko usiopenya maji na uiweke katika chungu kilichozungukwa na mchanga mbichi, kivulini penye upepo. Badilisha mahali pa kuchoma, tumboni au mapajani, kwa sababu penye uvimbe mgumu dawa hainyonywi vizuri.

Miguu ndiyo inayosahauliwa kuliko yote, nami naona ingestahili kutazamwa kila siku bila kusubiri malalamiko, kwani mishipa ya fahamu ikishaharibika mgonjwa anaweza kukanyaga msumari asiusikie. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko chako wewe, si kwa mguu wake. Kausha katikati ya vidole, paka mafuta nyayoni na visiginoni, lakini usipake kati ya vidole, ambako unyevu huzaa fangasi. Kung'uta viatu kabla hajavivaa, ukiingiza mkono ndani kutafuta kijiwe au mshono uliotokeza. Asitembee peku hata ndani, wala sugu zake zisikatwe kwa wembe. Kidonda kidogo, lengelenge au ngozi iliyobadilika rangi vipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kabla ya kujaribu majani ya aina yoyote.

Akitaka kufunga Ramadhani, aonane na daktari mapema ili dozi ipangwe upya. Kumkatalia tu mara nyingi humfanya afunge kwa siri, na hilo ni hatari zaidi. Vivyo hivyo usimkemee mbele ya wageni kwa sababu ya kipande cha keki. Akiugua homa au akikosa hamu ya kula, insulini isiachwe kwa uamuzi wa nyumbani: pima sukari mara nyingi zaidi na uulize kituoni. Akitapika mfululizo, akihema kwa nguvu au pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyoiva sana, mpeleke hospitali mara moja.

Weka daftari lenye tarehe, saa, kipimo na alichokula, uende nalo kliniki hata kama namba zake hazipendezi.