Unga hauna miguu: namna ya kupima habari ya maandamano na ugumu wa maisha kabla haijasomwa hewani

Siku moja nilisoma taarifa ya habari ya saa saba mchana, kisha nikashuka mtaa wa Langoni kununua mahamri. Mama anayeniuzia alikuwa ameisikia. "Mwanangu," akaniambia huku akiyageuza mahamri kwenye karai, "umesema bei ya unga imepanda. Kwani unga una miguu?"

Sikuwa na jibu. Habari ile niliipokea kutoka nje nikaitafsiri neno kwa neno, na aliyeipandisha bei hakuwemo humo kabisa.

Nahariri habari za Kiswahili katika redio ndogo hapa mji wa Lamu, kisiwani kwenye pwani ya Kenya. Habari nyingi za fujo na za uchumi hutufikia zimekwisha andikwa Nairobi au ng'ambo, sisi kazi yetu ni kuzitafsiri na kuzifupisha. Hapo ndipo upendeleo hupenya kwa urahisi, maana mtafsiri hujiona hana lake aliloongeza. Huu ni utaratibu ninaoufuata tangu siku ile ya mahamri. Unahitaji habari iliyochapwa kwenye karatasi, kalamu nyekundu, na nusu saa. Ukibanwa na muda, usiruke hatua ya pili.

Tutatumia mfano niliotunga mwenyewe kwa sentensi za aina tunazopokea kila juma:

"Mtu mmoja alifariki na maduka kadhaa kuporwa jana baada ya polisi kulazimika kutumia vitoa machozi kuwatawanya vijana waliokuwa wakizua fujo kulalamikia kile walichodai ni kupanda kwa gharama ya maisha. Kamanda wa polisi alisema hali imedhibitiwa na shughuli za kawaida zimerejea."

Isome mara mbili. Huenda hamna uongo hata mmoja ndani yake.

Hatua ya 1: Jua imetoka wapi

Juu ya karatasi andika: nani aliiandika, alikuwa wapi, na aliipata vipi. Alikuwepo barabarani, alipiga simu, au aliletewa taarifa iliyoandikwa na ofisi fulani? Mfano wetu una msemaji mmoja tu, kamanda, kwa hiyo yaelekea habari nzima imetoka kwake. Weka alama, endelea.

Hatua ya 2: Mtafute mtenda

Pigia mstari mwekundu kila kitenzi, kisha uliza: aliyefanya yuko wapi?

Kiswahili kina utajiri ambao kwenye kazi hii unaweza kuwa mtego. Tunaweza kusema "polisi alifyatua risasi", tukasema "risasi ilifyatuliwa", tukasema pia "risasi ilifyatuka". Katika sentensi ya kwanza mtu yupo. Katika ya pili yupo ila amejificha. Katika ya tatu hayupo kabisa, risasi imejiendea yenyewe. Mabadiliko ni ya silabi moja au mbili mwishoni mwa kitenzi, na msikilizaji aliye jikoni hana muda wa kuyakamata. Kinachobaki kichwani mwake ni kwamba msiba umetokea kama mvua.

Rudi kwenye mfano. "Alifariki": hata mzee aliyeugua kitandani mwake hufariki. Kama mtu alipigwa risasi au jiwe, sema. "Kuporwa": na nani? "Kulazimika": neno hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Nani aliwalazimisha polisi? Mwandishi ameshatoa hukumu kwamba hapakuwa na njia nyingine, na ameitoa kwa neno moja dogo ambalo hakuna atakayemwuliza. Mimi huliondoa kila mara, isipokuwa liwe ndani ya maneno ya msemaji anayetajwa.

Sasa angalia nani ana kitenzi kilicho wazi. Vijana "walikuwa wakizua fujo". Upande mmoja unatenda ubaya kwa jina lake, huku kifo kikitokea bila mwenyewe. Ukiuona mpangilio huo tangu mwanzo hadi mwisho wa habari, umeupata upendeleo.

Kanuni ni hii: mtenda akijulikana, mtaje. Asipojulikana, sema wazi kwamba hajajulikana. Usikisie. Na upime hivyo hivyo habari inayokupendeza. "Polisi waliwavamia wananchi wasio na hatia" nayo ni hukumu, hata kama moyo wako uko na hao wananchi. Wangu mara nyingi uko nao, na ndiyo sababu huzipima habari hizo mara mbili.

Hatua ya 3: Pima majina

Maandamano, rabsha, fujo, ghasia, machafuko: hizi ni ngazi, si maneno ya kubadilishana ili usirudie neno. Panda ngazi pale tu ulipo na tukio la kukupandisha. Watu mia mbili wakitembea na mabango ni maandamano. Kumi kati yao wakivunja duka, ni maandamano na ni uvunjaji wa duka. Si "ghasia" kwa wote.

Jihadhari hasa na "hawakuwa na kibali". Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani, bila silaha. Sheria ya mikutano ya hadhara inamtaka mwandaaji awape polisi notisi, isiyopungua siku 3 na isiyozidi siku 14 kabla. Kutoa notisi na kuomba ruhusa ni vitu viwili. Ukisoma "maandamano yasiyo na kibali" umeshamfundisha msikilizaji sheria ambayo haipo.

Hatua ya 4: Nani anasema na nani anadai

Hapa ni haraka. Zungushia "alisema", "alieleza", "alithibitisha", halafu zungushia "walidai", "inadaiwa", "kile walichokiita". Ukikuta afisa anasema na mwananchi anadai, sawazisha. Na lile neno "walichodai ni kupanda kwa gharama ya maisha" ni la aibu, kwa sababu bei ni jambo linaloweza kuangaliwa dukani kwa dakika tano. Nenda ukaangalie.

Hatua ya 5: Hesabu ya waliokufa

Usisome idadi ya vifo bila mambo matatu: nani amehesabu, kuanzia lini hadi lini, na wapi.

Chukua Juni 2024. Mswada wa Fedha wa Kenya ulikusudia kukusanya kodi ya ziada ya takriban shilingi bilioni 346. Wabunge waliupitisha tarehe 25 kwa kura 195 dhidi ya 106, siku hiyo hiyo waandamanaji walioupinga wakaingia majengo ya Bunge, na kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia saini. Tarehe 30, akihojiwa na waandishi, Rais alitaja vifo 19. Tarehe 1 Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) ikatoa hesabu yake: vifo 39 na majeruhi 361.

Mhariri mvivu angechagua moja. Mwingine angesema "kati ya watu 19 na 39", kana kwamba ukweli hukaa katikati kama mizani ya duka. Zisome zote mbili, kila moja na mwenyewe. Kisha, na hili ndilo la muhimu, siku zinazofuata endelea kuuliza, kwa kuwa hesabu hupanda waandishi wakiwa wameshahamia habari nyingine.

Hatua ya 6: Bei, shilingi na "wataalamu"

Hapa turudi kwa mama wa mahamri. Habari za uchumi zimejaa vitu vyenye miguu: bei hupanda, shilingi huporomoka, uchumi hudorora. Kila mara uliza nani ameamua nini. Kodi imeongezwa? Mwagizaji ameficha mali? Serikali imekopa?

Mfano: Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa kama 130. Vichwa vya habari vikasema shilingi "imeimarika". Lakini palikuwa na matendo ya watu. Mwezi Februari serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa hati fungani mpya, ili ilipe sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva mwezi Juni, na wasiwasi kwamba Kenya ingeshindwa kulipa ukapungua. Halafu uliza nani amefurahi. Mwagizaji wa mchele amefurahi. Mwenye nyumba ya wageni kijiji cha Shela, hapa kisiwani, anayelipwa kwa dola alikuwa akibadilisha mia moja anapata shilingi 16,000, akawa anapata 13,000. Habari inayosema "Wakenya wapata nafuu" imemchagua mmoja na kumsahau mwingine.

Kosa jingine ninalolikuta kila mwezi ni "mfumuko wa bei umeshuka" kutafsiriwa "bei zimeshuka". Kwa takwimu za Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), mfumuko ulikuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022, na asilimia 2.7 Oktoba 2024. Tuseme kapu la bidhaa lilikuwa shilingi 1,000. Mwaka wa asilimia 9.6 linafika 1,096. Ukifuata mwaka wa asilimia 2.7, kapu halirudi 1,000, linafika kama 1,126. Bei bado zinapanda, ila polepole. Msikilizaji akiambiwa zimeshuka, naye jana tu alikuwa dukani, ataamini ama redio inamdanganya ama yeye peke yake ndiye anayeonewa.

Na wastani wa nchi si bei ya Lamu. Gunia la unga linashushwa Mokowe, ng'ambo ya maji upande wa bara, linavushwa kwa boti, linabebwa na hamali au punda, na kila mkono unadai chake. Kwa hiyo nenda sokoni, na ukifika usiulize bei tu. Mama yule hakuwahi kupandisha bei ya andazi lake. Alipunguza donge, akapunguza na tui. Mtu akimwuliza kwa simu kutoka mbali atajibiwa "bei ni ile ile", na itaandikwa hivyo.

Mwisho, "wachambuzi wanasema". Taja ni wa wapi. Mchambuzi wa benki inayoikopesha serikali anaruhusiwa kusema, lakini msikilizaji ajue anayesema ni mkopeshaji.

Hatua ya 7: Mahali na picha

Sisi wa hapa tunalijua hili kwa machungu. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu. Wanamgambo wa Al-Shabaab wa Somalia walidai ni wao. Tarehe 17 Rais Uhuru Kenyatta akasema si wao, ni mitandao ya kisiasa ya humu humu. Vyombo vingi vilishika kauli moja na kuipa kisogo nyingine. Na vichwa vya habari viliandika "Lamu" tu. Mpeketoni iko bara. Kutoka mjini kwetu unavuka maji hadi Mokowe, kisha unashika barabara. Msomaji wa London hakuona tofauti, akafuta safari ya Shela. Julai ikaja kafyu ya usiku, nayo ikaripotiwa kama habari ya usalama tu, wakati mvuvi wa usiku alikuwa amefungiwa riziki yake. Kwa hiyo: taja kijiji, si kaunti peke yake, na uliza amri imemfungia nani kazi.

Picha nizitazame kwa ufupi. Angalia mabango, namba za magari (za pikipiki za Kenya huanza na KM), na vivuli. Huku pwani angalia na maji. Tuliletewa picha "ya asubuhi ya leo" kutoka jeti yetu, maji yamejaa pomoni. Asubuhi ile maji yalikuwa yamekupwa hadi mashua zimelalia ubavu. Hatukuitumia.

Hatua ya 8: Andika kilichonyamaziwa

Tarehe 30 Januari 2018, siku kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha kuwa "rais wa wananchi" bustani ya Uhuru, Nairobi, serikali ilizima vituo vya televisheni vya Citizen, Inooro, NTV na KTN. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza vyombo visitishe matangazo ya moja kwa moja ya maandamano, vituo kadhaa vikazimwa, kisha mahakama ikasimamisha agizo hilo. Siku kama hizo kuzimwa kwenyewe ni habari. Sema hewani nini hakikuweza kuonekana, na kwa amri ya nani.

Hatua ya 9: Andika upya

Tuseme tumepiga simu tatu: hospitalini, kwa wenye maduka, na kwa mmoja wa waandaaji. Mfano wetu unakuwa hivi:

"Mwanamume wa miaka 24 amekufa hospitalini kwa jeraha la risasi, baada ya polisi kurusha vitoa machozi kuwatawanya mamia ya watu walioandamana kupinga kodi mpya. Daktari amethibitisha jeraha hilo. Aliyefyatua risasi hajajulikana. Maduka matatu yalivunjwa. Wenye maduka wawili wanasema waliovunja walikuja saa moja baada ya maandamano kutawanyika. Kamanda wa polisi anasema hali imetulia. Mwandaaji mmoja anasema watu sita hawajarudi nyumbani."

Ni ndefu kidogo kuliko ya kwanza. Punguza habari ya mgeni rasmi kufungua semina, nafasi itapatikana.

Ukikosea, na utakosea, kosa la saa saba mchana lisahihishwe saa saba mchana, si saa tano usiku watu wamelala. Anza na kosa lenyewe: "Jana katika taarifa ya saa hii tulisema kijana huyu alikuwa miongoni mwa waliovunja duka. Si kweli. Alikuwa akipita kwenda kazini." Kisha mpigie mama yake kabla hujaisoma, umwambie awashe redio.