Ikolojia ya bakteria imekushinda? Jaza chupa tope

Wenzangu mnaosoma ikolojia ya vijidudu, mimi muhula mzima nilikariri nani anatumia salfa na nani anaikimbia oksijeni, kwenye jaribio nikachanganya vyote. Kilichonifungua macho ni tope la jaruba la mpunga nililotoka nalo nyumbani Mbarali.

Kata shingo ya chupa ya maji ya lita moja na nusu. Changanya tope na gazeti lililochanwachanwa (kaboni), kiini cha yai la kuchemsha (salfa) na ganda lake lililosagwa. Jaza robo tatu, ongeza maji ya hapohapo jarubani, acha hewa kidogo juu. Funika kwa nailoni bila kukaza, maana gesi itatoka. Weka dirishani penye mwanga, sio jua kali.

Ndipo utaona kitabu kikijipanga chenyewe. Chini panakuwa peusi: bakteria wanaotumia salfeti wanatoa sulfidi, inakutana na chuma na kuwa nyeusi. Juu yake kijani, kisha zambarau, hao ni bakteria wanaotumia mwanga bila kutoa oksijeni. Juu kabisa ni saianobakteria, wao wanaitoa. Mrusi Sergei Winogradsky alianza kutumia mbinu hii miaka ya 1880, bila hata chupa ya plastiki!

Rangi huchukua wiki sita hadi nane, na baridi ya Mbeya ya Juni na Julai inazichelewesha zaidi, kwa hiyo anza mapema. Piga picha kila Jumamosi.

Halafu harufu ni ya yai viza. Mwenzangu wa chumba alinipa siku mbili niihamishe.